Kwa Nini Spika za Studio za Mtumba Hukosa Besi

Miongoni mwa zawadi ambazo sisi wana wa wilaya za Karagwe na Kyerwa tulio ng'ambo tumezoea kuwapelekea ndugu zetu, spika za studio zimeshika nafasi ambayo zamani ilikuwa ya redio na cherehani. Maana toka Kayanga na Omurushaka hata Nkwenda na Isingiro wapo vijana wenye kompyuta, maikrofoni na chumba kimoja wanachokiita studio, ambamo kwaya za sharika na parokia, waimbaji wa harusi na wafanyabiashara wenye matangazo yao huja kurekodi. Spika mpya ni ghali, za mtumba hupatikana kwa bei ya kuvumilika, na aghalabu hufika zikiwa nzuri za kutazama. Kisha, baada ya siku chache, simu huingia, na aliyepokea zawadi, kwa adabu na haya, humwambia mjomba au shangazi yake kwamba spika amezipata, anashukuru sana, ila besi hazina.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya kasoro hiyo, kwa sababu mara nyingi lawama hutupwa juu ya spika au juu ya muuzaji, ilhali kosa limo katika waya, au katika chumba, au mahali fundi alipoweka kiti chake. Na mtu asiyejua kutenga sababu hizi huuza kwa hasara kitu kizima, akanunua kingine, naye akakutwa na shida ile ile aliyoikimbia.

Wala jambo hili si la anasa. Fundi anayechanganya sauti hana kipimo ila masikio yake, na spika ndiyo mizani ya masikio hayo. Mizani ikipunguza besi, yeye, kwa kutaka kusikia kile anachojua kuwa lazima kisikike, huongeza besi mpaka akaridhika, na wimbo ukishatoka chumbani mwake kwenda kwenye basi, kanisani, au hewani katika redio ya jamii kama FADECO ya Kayanga, besi ile iliyozidishwa hufunika maneno ya mwimbaji na kuitetemesha mitambo ya wasikilizaji. Hivyo studio yenye spika zisizo na besi huzaa nyimbo zenye besi ya kupita kiasi, na fundi hulaumiwa kwa dhambi ambayo masikio yake hayakupata kuisikia. Katika nchi yetu hasara hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa muziki wa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, umesimama juu ya ngoma, na katika ufalme ule ambamo Mukama, yaani mfalme, Rumanyika alimpokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861 ngoma ilikuwa miongoni mwa alama za enzi yenyewe. Anayerekodi kikundi cha ngoma cha Bweranyange au cha Kaisho kwa spika zisizosema ukweli huipotoa sauti iliyo mama wa sauti nyingine zote.

Basi tuanze na tabia ya besi. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, ambalo si geni katika vilima vyetu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, kwa hiyo wimbi lake moja lina urefu wa mita 8 na zaidi, ilhali sauti kali ya hezi 10,000 wimbi lake halifiki hata sentimita 4. Kutoka katika tofauti hii hutoka karibu mambo yote yatakayofuata: sauti kali ni nyepesi, hutoka mbele ya spika na kumfikia msikilizaji moja kwa moja, lakini besi yataka hewa nyingi isukumwe, huenea pande zote, huzunguka sanduku, hugonga ukuta na kurudi, na ikirudi kinyume cha ile inayotoka, zote mbili huuana.

Sababu ya kwanza kuchunguzwa, kwa kuwa haigharimu hata senti, ni waya uliogeuzwa. Spika mbili zinapofanya kazi pamoja yapasa karatasi zake, yaani zile koni za mbele zinazotetemeka, zisukume hewa kwa wakati mmoja na kuivuta kwa wakati mmoja. Ikiwa katika moja waya wa chanya umefungwa penye hasi, hii husukuma wakati ile inavuta, na besi, ambayo aghalabu imewekwa sawa kulia na kushoto, hupotea katikati ya chumba, huku sauti kali zikibaki na kumhadaa msikilizaji kwamba mambo ni salama. Dalili yake ni dhahiri: spika moja ikizimwa, besi huongezeka badala ya kupungua. Katika spika zisizo na amplifaya ndani, kijana na achukue betri ndogo ya redio, aguse nyuma ya spika kwa nukta moja tu, chanya kwenye chanya na hasi kwenye hasi, akitazama karatasi. Aghalabu yapasa iruke kuja nje, na ikiwa katika spika moja yaja nje na katika nyingine yaingia ndani, hapo ithibati imepatikana. Spika iliyowahi kufunguliwa na fundi mwingine kabla ya kuuzwa yaweza kuwa imegeuzwa ndani, wala lebo ya nje isiaminiwe.

Ndugu wa kosa hilo ni waya wa kuunganishia, nalo linastahili kuelezwa kwa kituo kwa sababu huwapata hata wajuzi. Spika nyingi za studio zina tundu la nyuma lililoundwa kupokea sauti moja kwa nyaya mbili, na kazi ya mtambo wa ndani ni kutoa sauti ya waya mmoja katika sauti ya waya wa pili, ili kelele zilizoingia njiani zifutike. Sasa kijana asiye na kifaa cha sauti huchukua waya wa hedifoni, akachomeka upande mmoja kwenye simu au kompyuta na upande wa pili kwenye spika; lakini waya ule hubeba sauti mbili, ya kulia na ya kushoto, na spika, kwa kutii umbile lake, hutoa moja katika nyingine, na kila kilicho sawa katika pande zote mbili hutoweka. Kilicho sawa ni nini? Ni besi, ni ngoma kuu, na ni mwimbaji mwenyewe. Hubaki mwangwi na waitikiaji kwa mbali, na mwenye spika huapa kwamba ameuziwa kitu kibovu, kumbe dawa yake ni waya sahihi, wa bei ndogo mno ukilinganisha na nauli ya kurudisha mzigo.

Nyaya zikiisha kuthibitishwa, hakimu wa pili ni chumba, na hapa ndipo penye habari nyingi kuliko pengine pote. Vyumba vingi vya kupanga katika miji yetu ni vya futi kumi kwa kumi, kiasi cha mita 3 kila upande, navyo kwa muziki ni vyumba vigumu. Kwani kila chumba kina wimbi lake ambalo nusu ya urefu wake hulingana na umbali wa ukuta hadi ukuta, na katika chumba cha mita 3 wimbi hilo ni la hezi 56 hivi, mahali penye uzito wa ngoma. Kuta za pande zote mbili zikilingana, mawimbi mawili huangukia pale pale na kuzidishiana nguvu, na tabia yao ni kujaa ukutani na kufifia katikati. Fundi aliyeweka kiti chake katikati ya chumba, kwa kupenda mambo yawe sawa, amekaa katika shimo lisilo na besi. Akisimama akaegemea ukuta besi itamfurika, na spika ni zile zile. Kwa hiyo kabla ya kufungua hata skurubu moja, na apige wimbo anaoujua vizuri, kisha atembee chumbani polepole akisikiliza. Mafundi wengi huanzia na kiti kilichowekwa kiasi cha asilimia 38 ya urefu wa chumba, ambayo katika chumba chetu ni mita 1 na sentimita 15 toka ukuta wa mbele, halafu huenda mbele au nyuma kwa kiasi masikio yanavyoamua.

Umbali wa spika na ukuta ulio nyuma yake nao una hesabu. Besi inayozunguka sanduku hugonga ukuta huo na kurudi, na ikiwa spika iko mita 1 toka ukutani, basi karibu na hezi 86 sauti inayorudi hukutana kinyume na inayotoka, na besi ya eneo hilo hupunguzwa; spika ikisogezwa ikakaribia ukuta, besi huongezeka, wakati mwingine kupita haja. Spika yenye tundu la hewa nyuma iachiwe nafasi ya kupumua. Na kuhusu zile treyi za mayai zinazobandikwa kutani kwa bidii kubwa, nasema kwa masikitiko kwamba kwa besi hazina faida yoyote: kina chake ni sentimita chache, na wimbi lenye urefu wa mita 6 halizitambui. Magodoro ya zamani yaliyorundikwa pembeni mwa chumba, mazito na manene, yatasaidia zaidi, ingawa nayo hayafanyi miujiza.

Ikiwa nyaya ni sahihi na chumba kimejaribiwa, ndipo spika yenyewe ikaguliwe, na macho yaanzie kwenye ukingo wa karatasi, ule mkunjo laini unaoiunganisha na chuma. Katika spika nyingi za zamani mkunjo huo umetengenezwa kwa sponji, na sponji ya namna hiyo huliwa na unyevu wa hewa na mwanga wa jua hata ikiwa spika haikupigwa kabisa. Baada ya miaka kumi hadi ishirini hugeuka unga unaonata vidoleni. Ukipasuka, hewa ya mbele na ya nyuma ya karatasi huchanganyika, besi hufa, na karatasi iliyokosa mwongozo huikwaruza koili, ule waya uliozungushwa nyuma yake, mpaka ikaungua. Wilaya zetu zina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na spika iliyokuwa inaanza kuoza ghalani Ulaya haitapona huku kwetu. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Kadhalika sanduku lichunguzwe gundi, maana mzigo uliosukwasukwa katika barabara za vumbi waweza kufunguka kiungo kisichoonekana, na hewa inayovuja hapo huiba besi. Na tundu la hewa limulikwe kwa kurunzi, kwa kuwa wenye vyumba vidogo ng'ambo hulijaza sponji au soksi kwa makusudi, wasisumbue majirani, kisha wakauza spika bila kukumbuka walichoficha ndani.

Nyuma ya spika zenye amplifaya kuna vitufe vya kupunguza besi kwa ajili ya chumba, na mtumba huja na mapenzi ya mmiliki wa kwanza. Virudishwe kwenye sifuri. Ndani ya spika hizo kuna kapasita ambazo kwa uzee hukauka, na zile zilizo njiani mwa sauti zikikauka huzuia besi kupita huku sauti kali zikipita bila taabu. Hizo ni za fundi redio mwenye chuma cha kulehemu, na bei ya kapasita ni ndogo.

Umeme nao una sehemu yake. Aliye Uingereza au Oman hutuma kifaa kinachopatana na volti 230 za Tanzania, lakini aliye Marekani au Kanada hutuma cha volti 120, na kilichotoka Japani ni cha volti 100. Kifaa kisicho na swichi ya kubadili chaweza kuungua mara moja kikichomekwa, na kikipewa transfoma ndogo isiyokidhi haja yake, hupiga vizuri maneno na kushindwa ngoma, kwa sababu besi ndiyo ilayo umeme mwingi. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ilipata umeme wake kutoka Uganda kupitia Kyaka, na vijiji vilivyo mwisho wa laini huona jioni taa zikififia. Spika ya amplifaya ya zamani hufifia pamoja nazo.

Walakini zipo spika ambazo hazikupewa besi tangu kuumbwa kwake. Yamaha NS-10, iliyotoka mwaka 1978 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2001, yenye karatasi nyeupe inayojulikana dunia nzima, ni sanduku lililozibwa lisilo na nguvu chini ya takriban hezi 100, na mafundi waliipenda kwa ukali wake wa kufichua makosa ya sauti za kati. Anayeinunua akitafuta besi amekosea duka. Yamaha HS50M, yenye karatasi ya inchi 5, hushuka hadi hezi 55 kwa maelezo ya kiwanda, na HS80M ya inchi 8 hadi hezi 42, maana yake uzi ule mnene wa gitaa la besi haumo kamili katika ile ya kwanza. Sikio huukisia kwa kusikia sauti zilizo juu yake. Vilevile Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu hupungukiwa na besi kila sauti inapokuwa ndogo, hata anayepiga taratibu usiku ili asiamshe watoto ataona besi imepungua, ilhali spika iko vile vile.

Basi sisi tunaonunua ng'ambo tumwombe muuzaji aondoe kitambaa cha mbele ili tuuone ukingo, tubonyeze karatasi taratibu kwa vidole vilivyotandazwa tusikilize kama koili inakwaruza, tusome volti zilizoandikwa nyuma, na tuweke ndani ya boksi nyaya zinazostahili. Ukingo wa sponji ukiwa umeoza lakini koili ni nzima, spika ichukuliwe kwa bei pungufu pamoja na seti ya kingo mpya za kipimo chake, kwa sababu kubandika ukingo ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi mwenye mkono mtulivu, na kinachokosekana Kayanga ni kingo zenyewe.