Lundo Lako Likipimwa kwa Picha, Uliza Maswali Mawili

Funga jicho moja, kisha jaribu kutunga uzi kwenye sindano. Utahangaika, kwa kuwa umbali hupimwa kwa macho mawili. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza sababu: kila jicho huona kitu kutoka upande wake, na tofauti hiyo huupa ubongo umbali.

Kompyuta nayo hufanya hivyo. Ikipewa picha za mahali pamoja zilizopigwa kutoka pande tofauti, hutazama jinsi vitu vya karibu vinavyohama zaidi kuliko vya mbali. Hapo huchora umbo la mahali, hata kwa upande ambao kamera haikusimama.

Kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Zanzibar vilipigwa picha na ndege ndogo zisizo na rubani ili kutengeneza ramani. Njia hiyo hiyo hupima mteremko wa shamba na ujazo wa lundo la mchanga au mahindi.

Lakini mkulima na mfanyabiashara wawe macho. Pale ambapo kamera hazikuona, kompyuta hukisia, na picha ya kukisia hupendeza kama ya kweli. Tena, picha pekee haijui mita. Urefu, upana na kimo vikizidishwa kimakosa kwa asilimia 10, ujazo huzidi kwa asilimia 33. Mnunuzi ataumia.

Kabla ya kulipa, uliza: kila sehemu imeonekana katika picha zaidi ya moja? Na je, uliwekwa pale chini ubao wa urefu unaojulikana? Kama sivyo, rudi kwenye futi na mizani.