Saint-Véran, kijiji kilichopangwa na jua

Kutoka mji mdogo wa Guillestre, kusini-mashariki mwa Ufaransa, barabara huingia kwenye korongo la mto Guil, ikabanwa kati ya mwamba na maji, kisha hupanda kona kwa kona hadi mita 2,040 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo Saint-Véran ilipo, katika milima ya Queyras, jirani kabisa na Italia. Wenyeji wake, ambao ni kama mia mbili tu, hujivunia kuishi juu kuliko kijiji kingine chochote barani Ulaya. Waswisi wa Juf, walioko mita 2,126, hawakubali. Lakini Juf ni kitongoji tu, hakina serikali yake ya mtaa, kwa hiyo ubishi huo hauna dalili ya kwisha.

Kimo peke yake hakielezi ugumu wa mahali. Eldoret iko juu kiasi hicho hicho, na mahindi yanastawi vizuri. Tofauti ni kwamba Saint-Véran iko karibu nyuzi 45 kaskazini, nusu ya safari kutoka ikweta hadi ncha ya dunia. Wakati wa baridi jua hupita chini, huchelewa kutokeza nyuma ya milima na huwahi kuzama. Ndiyo maana nyumba zote zimejipanga upande mmoja wa bonde, ule unaotazama kusini. Upande wa pili umeachiwa msitu, kwa kuwa theluji huko haina haraka ya kuyeyuka.

Mpango huohuo umo ndani ya kila nyumba ya zamani. Chini ni kuta nene za mawe, na humo familia ililala chumba kimoja na ng'ombe na kondoo wake majira yote ya baridi. Usidhani ni ufukara tu. Joto la miili ya wanyama lilikuwa halina gharama, na kuni zilipaswa kutunzwa. Juu ya mawe hayo kuna ghala refu la magogo ya mélèze, msonobari wa ajabu kidogo: majani yake hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutika kila mwaka, na mbao zake zenye utomvu haziozi upesi. Humo ghalani zilirundikwa nyasi kavu za mifugo, nazo zikawa blanketi la nyumba.

Upande wa kusini wa ghala kuna roshani pana, ghorofa juu ya ghorofa. Mgeni huzipiga picha akidhani ni mapambo. Kumbe zilikuwa sehemu ya shamba. Majira ya kiangazi ni mafupi mno kwa nafaka kukomaa vizuri ikiwa bado shambani, hivyo wakulima waliivuna mapema, wakatandaza miganda kwenye roshani, jua likamalizia kazi.

Mbao kavu na nyasi kavu chini ya paa moja ni hatari ya moto. Kwa hiyo kijiji kiligawanywa mitaa, na kati ya mtaa na mtaa pakaachwa uwanja usiojengwa kitu, ili moto ukizuka uishie hapo. Katika mitaa hiyo kulikuwa na chemchemi zenye birika la mbao na tanuri za mikate za kutumia kwa pamoja. Kwa maoni yangu, viwanja hivyo vitupu ndivyo kazi bora kuliko zote za wajenzi wa pale, ingawa hakuna anayevipiga picha.

Theluji ikifunga mashamba, mikono haikulala. Waliobaki walichonga makasha na samani ambazo Queyras inasifika kwazo hadi leo. Wengine walishuka mabondeni kutafuta kazi ya ualimu, wakiwa wamechomeka manyoya ya ndege kofiani: unyoya mmoja kwa anayefundisha kusoma na kuandika, miwili akiongeza hesabu, mitatu akijua na Kilatini. Mwajiri alisoma sifa za mwombaji kwa mbali, bila cheti.

Siku hizi riziki kubwa hutoka kwa wageni: watelezaji wa theluji wakati wa baridi, wapanda milima wakati wa kiangazi. Ng'ombe wamehamishwa kutoka sebuleni, roshani hazina miganda. Manunuzi makubwa hufanywa bondeni, na njia ya Col Agnel ya kuvukia Italia, yenye mita 2,744, hufungwa na theluji miezi mingi.

Ukijaliwa kufika, nenda mwezi wa Oktoba, mélèze ikiwa ya dhahabu na watalii wamepungua. Tazama pia saa za jua zilizochorwa ukutani. Kadhaa katika mabonde haya ni za Mwitaliano Giovanni Francesco Zarbula, mchoraji wa karne ya 19 aliyezunguka kijiji hadi kijiji. Ila usirekebishe saa yako kwazo: wakati wa kiangazi ziko nyuma ya saa rasmi ya Ufaransa kwa zaidi ya saa moja.