Sifa Iliyotangulia Haki

Mnamo Machi 1650, mjini Roma, picha ya Juan de Pareja ilionyeshwa hadharani katika Pantheon, na waliojua sanaa wakaistaajabia. Pareja, Mhispania mwenye asili ya Afrika, amejitanda joho lenye ukosi mweupe, na macho yake yanamkabili mtazamaji bila unyonge. Aliyemchora ni Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, ambaye pia ndiye aliyemmiliki. Pareja alikuwa mtumwa katika karakana yake.

Hati ya kumwacha huru iliandikwa Novemba 23 mwaka huohuo, tena kwa sharti la kutumika miaka 4 zaidi. Sifa ilitangulia, haki ikachelewa.

Baada ya kupata uhuru, Pareja alichora kazi zake mwenyewe. Katika mchoro wake wa 1661, uliopo makumbusho ya Prado, Madrid, amejichora pembeni, ameshika karatasi yenye jina lake.

Tunapowatoa watoto Musoma na Bunda kwenda Butiama, kuzitazama picha katika Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, tuwazoeze kuuliza: huyu aliye pichani alipewa haki zake? Nasi tujiulize nyumbani. Binti anayetusaidia kazi, tunayepiga naye picha siku ya Idi na kumwita mwanetu, ujira wake tumemlipa? Mtume (s.a.w.) ametuusia tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.