Kwa nini dawa ya maji huhitaji nusu saa: Ukolezi na kasi ya kemikali

KILA mvua kubwa inaponyesha na vyoo vya mabondeni kufurika, wahudumu wa afya ya jamii huzunguka mitaani wakiwa na ujumbe ule ule: tia dawa ya klorini kwenye maji ya kunywa, kisha usubiri nusu saa. Wengi hulitii sharti la kwanza. La pili hulichukulia kama maneno ya kujazia. Yupo anayetia dawa na kuteka kikombe papo hapo. Yupo pia anayetia nusu ya kipimo ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi, kisha akasubiri dakika zile zile 30 akidhani ametimiza wajibu wake.

Wote wawili wamekiuka kanuni moja ya kemia, nayo ni uhusiano uliopo kati ya ukolezi wa kitu na kasi ya mmenyuko wake.

Ukolezi ni kiasi cha kitu kilichomo katika ujazo fulani. Vijiko viwili vya sukari katika kikombe kimoja cha chai ni ukolezi mkubwa kuliko vijiko hivyo hivyo katika birika zima. Ili kemikali mbili zimenyuke, sharti chembechembe zake zigongane, tena kwa nguvu ya kutosha. Mfikirie mtu anayepita Gikomba alfajiri, kabla wachuuzi hawajatandaza bidhaa zao: aweza kuvuka soko zima asiguse bega la mtu. Akirudi saa sita mchana, kila hatua ni kikumbo. Mwendo wake haujabadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watu katika eneo lile lile. Ndivyo zilivyo chembechembe. Zikiwa nyingi mahali pamoja, migongano huongezeka, na mmenyuko huenda kasi.

Waliosoma kemia katika shule za upili watalikumbuka jaribio la msalaba. Unachora alama ya msalaba kwenye karatasi, unaweka juu yake chombo cha kioo chenye thiosulfati ya sodiamu, kisha unatia asidi ya hidrokloriki. Salfa hujitenga polepole, mchanganyiko ukawa kama maziwa, na msalaba ukatoweka machoni. Ikiwa ulitoweka kwa sekunde 40, ukipunguza ukolezi wa thiosulfati kwa nusu utatoweka kwa takriban sekunde 80. (Katika maabara yetu saa ya kuhesabu sekunde ilikuwa moja kwa darasa zima, kwa hivyo majibu yetu yalifanana kwa namna ambayo mwalimu hakutaka kuichunguza sana.)

Kanuni yenyewe ni kongwe. Mnamo 1850 Mjerumani Ludwig Wilhelmy alipima jinsi sukari inavyovunjwavunjwa na asidi, akagundua kuwa kasi hupungua kadiri sukari inavyopungua. Mwaka wa 1864 Cato Guldberg na Peter Waage wa Norway waliitungia nadharia pana zaidi, lakini kwa kuwa waliichapisha kwa lugha yao, wanasayansi wa kwingineko hawakuitilia maanani kwa miaka kadhaa. Hatima hiyo tunaielewa vyema sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili.

Aliyeifikisha kanuni hiyo kwenye vita dhidi ya maradhi ni Harriette Chick, Mwingereza aliyefanya kazi katika Taasisi ya Lister jijini London. Mnamo 1908 alionyesha kuwa viini vya maradhi vikitiwa dawa havifi vyote kwa mpigo. Katika kila kipindi sawa hufa sehemu ile ile ya viini vilivyosalia. Tuseme dawa fulani huua viini tisa katika kila kumi kwa muda wa dakika tano. Maji yaliyokuwa na viini 1,000,000 yatabaki na 100,000 baada ya dakika tano, 10,000 baada ya dakika kumi, na 1,000 baada ya dakika 15. Anayekunywa mapema hajanywa maji yaliyotibiwa. Amekunywa maji yaliyo katikati ya matibabu.

Mwaka huo huo Herbert Watson alieleza uhusiano wa ukolezi na muda, na hadi leo wahandisi wa maji huzidisha viwili hivyo. Miligramu moja ya klorini kwa lita kwa dakika 30 hufanya kazi takriban sawa na miligramu mbili kwa dakika 15. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza kuwa baada ya angalau dakika 30, klorini huru iliyosalia majini isipungue miligramu 0.5 kwa lita.

Je, si basi mwenye kutia nusu ya kipimo angesubiri saa nzima badala ya nusu saa? Kwa maji safi kabisa, hoja hiyo ina mashiko. Taabu ni kwamba maji yetu ya mto na kisima aghalabu huwa na matope, majani yaliyooza na uchafu mwingine unaoila klorini kabla haijawafikia bakteria wa kipindupindu. Nusu ya kipimo yaweza kumalizwa yote na uchafu huo katika dakika za mwanzo. Ukolezi ukishafika sufuri, kasi nayo ni sufuri, na hata ukisubiri hadi kesho hakuna kitakachokufa. Hii ndiyo sababu maji ya matope hutakiwa kwanza yatulie na kuchujwa kwa kitambaa safi.

Hata hivyo, kuna viini ambavyo hesabu hii haiviwezi. Kimelea kiitwacho Cryptosporidium, kinachosababisha kuhara, huhitaji zaidi ya siku 10 katika maji yenye miligramu moja ya klorini kwa lita. Kwa hicho, dawa ni kuchemsha.

Isidhaniwe pia kuwa ukolezi huongeza kasi kila mahali. Ini la binadamu huvunja pombe kwa kutumia vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo vikishashikwa vyote, foleni ya nje haisaidii kitu. Ni kama benki yenye madirisha manne: wateja wawe 40 au 400, wanaohudumiwa kwa saa ni wale wale. Pombe katika damu hupungua kwa wastani wa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 kwa saa, iwe nyingi au kidogo. Aliyefika 150 saa sita za usiku bado ana takriban 60 saa kumi na mbili asubuhi, anapoingia barabarani akidhani usingizi umemtakasa.

Turudi kwenye chupa ya klorini. Nayo hujiharibu yenyewe, na hapa ukolezi humgeuka mwenye mali. Katika kuharibika huko chembe za dawa hugongana zenyewe kwa zenyewe, hivyo dawa yenye ukali maradufu huharibika kwa kasi ya takriban mara nne, au hata zaidi. Joto na mwanga wa jua huongeza kasi hiyo. Dawa kali ya kung'arisha nguo, ambayo baadhi yetu huipima kwa kifuniko kutibu maji, hupoteza nguvu upesi kuliko ile nyepesi iliyotengenezwa mahsusi kwa maji ya kunywa. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa huchukulia kuwa dawa ingali na ukolezi wake wa awali. Kabla ya kukifuata, tazama tarehe ya kutengenezwa, na ujiulize chupa ilikuwa imewekwa wapi.