Nusu nyumba, nusu kodi: Shangazi anataka kuzeekea 'kijijini' Uingereza

Senge alipopiga simu ya WhatsApp kutuambia amepata nyumba kijijini, Baba aliita kila mtu sebuleni. Huko kwetu Vihiga kuna nyumba yake ambayo kuta zimekwama usawa wa madirisha tangu nikiwa shule ya msingi. Tukajua sasa mabati yanakuja.

Kumbe kijiji chenyewe kiko karibu na Birmingham.

"Ni kijiji cha wastaafu," akasema shangazi. Baba akanyamaza, kisha akanipa simu. Jioni hiyo nikatumiwa mkataba mrefu ajabu. "Wewe ndiye umesoma, mwanangu. Hebu niangalilie."

Nimeuangalia wiki mbili sasa, na nadhani siko peke yangu. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba aliyeenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi tukiwa wadogo. Tulilipiwa karo na jasho lao. Sasa magoti yanawauma na wanatafuta pa kupumzika.

Ukisikia kijiji, usifikirie ushago. Ni mtaa wa nyumba za ghorofa zenye lifti, bustani, mkahawa na saluni, na mara nyingi wahudumu wa kumsaidia mzee akianza kushindwa kuoga au kuvaa. Kinachojulikana sana ni Hartrigg Oaks, pale York, kilichofunguliwa 1998. Kuku hakuna. Jirani wa kuomba chumvi sijui.

Neno lililotuchanganya zaidi ni "umiliki wa pamoja". Mama alidhani shangazi ananunua na rafiki yake, kama chama. Sivyo. Mwenzake ni shirika la nyumba. Mzee ananunua sehemu, shirika linabaki na sehemu, naye analipa kodi kwa ile isiyo yake. Ule mpango wa wazee wa England ni wa watu wa miaka 55 na zaidi, na kiwango cha juu cha kununua ni asilimia 75. Ukifika hapo, kodi inakoma, ingawa ile robo bado ni ya shirika.

Tuchukue mfano wa nyumba ya pauni 240,000. Nusu ni pauni 120,000. Kodi ya nusu nyingine mara nyingi huanza karibu na asilimia 2.75 ya thamani yake kwa mwaka, yaani pauni 3,300, au pauni 275 kila mwezi. Nayo hupanda mwaka hadi mwaka. Akitaka kuikwepa kabisa, lazima atafute pauni 60,000 zaidi ili afikishe 180,000. Shangazi anaweza kuzipata akimaliza akiba yake yote, pamoja na ile ya mabati.

Lakini kodi siyo iliyoninyima usingizi. Kuna ada ya huduma: usafi, bustani, lifti, bima ya jengo. Hii unalipa hata ukiwa na asilimia 75, na haina mwisho. Vijiji vingine pia hukata ada ya kuondoka nyumba inapouzwa. Na mwenyewe akifariki, ada ya huduma inaendelea kuhesabiwa kwenye mali aliyoacha hadi mnunuzi apatikane. Mnunuzi naye lazima awe mzee, kwa hivyo anaweza kuchukua muda.

Nilimuuliza binamu yangu aliyezaliwa huko kama anajua hilo. Hakujua. Yeye alidhani siku moja atahamia. Ana miaka 26! Kwa masharti ya umri, yeye na mimi tunaweza kurithi pesa za sehemu ile ikishauzwa, ila si kuishi ndani.

Kisha kuna jambo ambalo shangazi mwenyewe hakuwa ameliona. Mpango wake ulikuwa akae huko msimu wa joto, na baridi ikianza aje Vihiga miezi sita, huku nyumba ikipangishwa ilipe gharama. Nyumba za umiliki wa pamoja kwa kawaida haziruhusiwi kupangishwa. Maana yake, akiwa hapa anakula mrenda na mama yangu, ada inamngoja kule kwenye nyumba tupu.

"Basi arudi nyumbani moja kwa moja," Baba akasema nilipomweleza. "Shamba lipo."

Ni rahisi kusema. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata ukiishi Kenya, lakini haiongezwi kila mwaka kama ya aliyebaki kule. Kiwango utakachoanza nacho hapa ndicho utakachozeeka nacho, unga upande usipande. Na matibabu ya bure ya kule ni ya wakazi wa kule. Shangazi ana presha na goti moja limeshafanyiwa upasuaji. Hospitali iliyo karibu na boma letu ni ya kufika kwa bodaboda.

Nilimwambia hayo yote Jumapili. Alisikiliza, akauliza maswali mawili kuhusu ada ya kuondoka, kisha akacheka kidogo. "Nimeosha wazee wa watu miaka 22. Nataka nami niwe karibu na mtu wa kuniosha. Baba yako ataniosha?"

Sikuwa na jibu. Nilimshauri asisaini chochote kabla ya kupata wakili wake mwenyewe, si yule wa kupendekezwa na muuzaji, na amwombe hesabu ya ada ya huduma ya miaka mitano iliyopita. Pia aulize kama anaweza kuanza na sehemu ndogo aongeze baadaye.

Miadi na wakili ni Ijumaa. Baba bado hajampigia dada yake, lakini jana nilimsikia akimwambia fundi apime upya ile nyumba. Anataka kujua chumba kimoja na choo cha ndani vitagharimu ngapi.