Mashine ya Dola Thelathini, Saa ya Dola Mia Nne

Katika minada ya mtandaoni, mashine ya saa ya mfukoni ya Waltham au Elgin, tupu, bila kasha, huenda kwa dola 20 hadi 50. Ina umri wa miaka mia moja au zaidi. Sahani zake za nikeli zimechongwa mistari ya mawimbi, skrubu zimechomwa hadi zikawa za buluu, mawe ya rubi yanang'aa mekundu, na ukiuzungusha ufunguo kidogo huenda ikaanza kupiga papo hapo. Muuzaji hajakosea bei. Elgin peke yake ilitoa saa zipatazo milioni 60, na makasha mengi ya dhahabu yaliishia kwa wayeyushaji kila bei ya dhahabu ilipopanda, hasa ilipofika dola 850 kwa aunsi Januari 1980. Dhahabu ikaenda zake, mashine zikabaki kwenye madroo ya mafundi.

Hapo ndipo biashara ilipopata mlango: ichukue mashine hiyo, itie kwenye kasha jipya la chuma lenye masikio ya mkanda, weka kioo mbele na nyuma, uivae mkononi. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wafanyabiashara wa Kireno waliiomba IWC ya Schaffhausen, Uswisi, saa ya mkono yenye usahihi wa saa kubwa. Kampuni ikachukua mashine yake ya mfukoni, kalibra 74, ikaifungia kasha la mkononi, na huo ndio mwanzo wa Portugieser inayouzwa hadi leo kwa maelfu ya dola. Tofauti ni kwamba sasa yeyote mwenye simu anaweza kuagiza ya kwake kwa bei ya viatu vizuri. Kazi iko kwenye kuchagua, kwa sababu bei ya kununua mashine ni sehemu ndogo tu ya utakayolipa.

Piga hesabu ya anayejitengenezea. Mashine, dola 30. Kasha la tayari kutoka China au India, dola 60 hadi 150. La kuchongwa kwa vipimo vyako, mamia kadhaa. Kuifungua yote, kuiosha, kuitia mafuta na kuirekebisha kwa fundi wa Marekani au Ulaya, dola 150 hadi 300. Springi kuu ya chuma cha zamani ibadilishwe, kwa sababu hukatika bila taarifa, na inapokatika hupiga meno ya magurudumu. Weka dola 20 nyingine. Mhimili wa balansi, lile gurudumu linalocheza huku na huku, ukiwa umevunjika, na mara nyingi huvunjika, ongeza mia. Mkanda, mishale, posta. Ukiifanya kazi kwa uaminifu, chini ya dola 350 hutoki. Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi atakutoza sehemu ndogo tu ya ujira huo, ila muulize kwanza ni lini mara ya mwisho alibadilisha mhimili wa balansi. Akianza kukueleza habari za betri, chukua saa yako uondoke.

Sasa, mashine ipi? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na wanaopoteza ni wale waliosoma kidogo. Mtu husikia sifa za saa za reli za Marekani, na sifa hizo ni za kweli. Baada ya treni kugongana Kipton, Ohio, mwaka 1891, makampuni ya reli yalibana masharti: saa isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, irekebishwe ili iende sawa katika mikao mitano, iwe na mawe 17 au zaidi, uso wake uwe wazi bila kifuniko. Hamilton 992, yenye mawe 21, ndiyo malkia wa kundi hilo. Na kwa mkono wako ni chaguo baya.

Kwanza, ukubwa. Ni saizi 16 ya Kimarekani, yaani milimita 43.2 kabla hujaifungia chochote. Kasha lake hukaribia milimita 50. Mkono mwembamba utaonekana umebeba kopo la kiwi. Pili, nyingi hurekebishwa kwa wenzo uliofichwa chini ya ukingo wa kioo, makusudi, ili dereva wa treni asisogeze mishale kwa bahati mbaya. Mkononi maana yake ni kufungua kioo kila unapotaka kusogeza dakika. Tatu, saa ya uso wazi ina kifundo cha ufunguo kwenye tarakimu 12 na duara dogo la sekunde kwenye 6. Kifundo kikienda upande wa kulia, kama ilivyo kwa saa za mkono, sekunde zinahamia kwenye 9. Wengine wanaupenda mwonekano huo. Wengine huacha kifundo juu, kwenye 12, na kuiita mtindo.

Saa zilizokuwa na kifuniko cha chuma juu ya uso, zile za wawindaji, zina kifundo kwenye 3 na sekunde kwenye 6 tangu kiwandani. Hizo ndizo za kutafuta. Hamilton ilitengeneza hata ndugu wa 992 wa aina hii, ikamwita 993. Lakini ushauri wangu ni kushuka chini zaidi, kwenye saa ambazo wakusanyaji huzipita bila kuzitazama: saa za kina mama. Saizi 0 ya Waltham au Elgin ina kipenyo cha milimita 29.6, nyingi ni za kifuniko, na ndani ya kasha la milimita 35 au 36 hukaa mkononi kama iliyozaliwa hapo. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza walivaa mashine za ukubwa huu huu. Saizi 6, milimita 34.7, inafaa pia kwa anayetaka kasha la 40. Bei zake ni za chini kwa sababu tu wanaume hawazitaki, na mnunuzi mwenye akili hana sababu ya kulalamika.

Kuna mtego mmoja usioonekana kwenye picha. Mashine nyingi za Kimarekani hazishiki kijiti cha ufunguo zenyewe. Kijiti na kibano chake vilikaa kwenye kasha la asili. Kasha likishayeyushwa, utaratibu wa kurekebisha saa umeyeyuka nalo. Muuzaji wa kasha jipya aseme wazi kama amelitengenezea hilo. Mashine za Uswisi kwa kawaida hazina tatizo hili.

Asiyetaka kuhangaika ana njia tatu za kununua iliyokwisha kutengenezwa.

Ya bei nafuu ni saa za kuoanisha, yaani mashine ya zamani kwenye kasha jipya, zinazouzwa na watu binafsi, nyingi kutoka Ulaya ya Mashariki, kwa dola 60 hadi 150. Ndani mara nyingi mna Molnija 3602 ya Chelyabinsk, Urusi, milimita 36, mawe 18, yenye asili ya ramani ya Cortébert ya Uswisi. Ni mashine imara na spea zake zipo tele. Kwa wanaotaka kujaribu tu, hii inatosha kabisa. Ila uso ukiwa umeandikwa Patek au Omega kwa rangi mbichi, kwa bei hiyo, jua umeandikwa juzi. Omba picha ya mashine yenyewe na namba yake. Namba za Waltham na Elgin zina kumbukumbu zilizohifadhiwa, na baada ya dakika chache utajua mwaka, saizi na idadi ya mawe.

Ya bei ghali ni karakana za Marekani. RGM ya Pennsylvania imetumia mashine za Hamilton 921, na Vortic ya Fort Collins, Colorado, hujenga makasha yake kuzunguka mashine za zamani, wakati mwingine kwa titani iliyochapwa kwa printa ya 3D. Bei hupita dola elfu moja na mara nyingi hufika maelfu. Unalipia fundi, dhamana, na mtu wa kumpigia simu. Wamiliki wa jina la Hamilton waliishtaki Vortic kwa kutumia saa zenye jina lao. Mwaka 2020 mahakama ya New York iliipa Vortic ushindi, na rufaa ikauthibitisha 2021. Sababu inamhusu mnunuzi yeyote: Vortic ilikuwa ikitangaza waziwazi kwamba mashine ni ya kale na kasha ni jipya. Muuzaji asiyeweza kukuandikia sentensi hiyo moja, mwache.

Njia ya tatu inawaudhi wapenzi wa vitu vya kale, lakini ndiyo ningemshauri anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja. Mashine ya Unitas 6497, milimita 36.6, ilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya saa za mfukoni, na bado inatengenezwa na ETA. Sea-Gull ya Tianjin hutoa nakala ya mashine hiyo kwa dola 40 hadi 70. Ina ukubwa ule ule wa kupendeza, gurudumu lile lile linalocheza taratibu nyuma ya kioo, na kinga dhidi ya mshtuko. Kinga hiyo, ambayo Incabloc iliitoa mwaka 1934, mashine za 1905 hazina. Saa ya mfukoni ilikaa wima kwenye kizibao, imetulia. Mkono hugonga mlango wa daladala. Kipigo kimoja cha sakafu ya simiti na mhimili umekwenda, na ile gharama ya dola mia inarudi. Ongeza jasho na hewa ya chumvi kwenye kasha lisilozuia maji, na springi nyembamba ya chuma itashika kutu kabla ya mkanda kuchakaa.

Angalia pia mwanga wa kijani kwenye mishale na tarakimu za zamani. Ile rangi ya kung'aa gizani ya miaka ya 1910 hadi 1950 mara nyingi ina radiamu, yenye mionzi. Usiikwangue, wala usimruhusu fundi aikwangue.

Imebaki saa ya urithi, iliyo kamili, na kasha lake. Sipendekezi kuigeuza. Waltham ya dhahabu ya kupaka huuzwa dola 80 hadi 200 ikiwa nzima, na ukiitoa mashine, kasha peke yake halina mteja zaidi ya myeyushaji. Ukisisitiza, mtake fundi asitoboe wala kukata chochote, akurudishie kasha, uso na mishale ya asili kwenye mfuko wenye namba ya mashine. Vinginevyo ioshwe, itiwe mafuta, itundikwe mezani. Kibanda kidogo cha kioo cha kuitundikia ni dola 20.