Ng'ombe kafa ghafla? Weka kisu chini kwanza

Huku kwetu Nyantakara, Biharamulo, ng'ombe akifa usiku, asubuhi watu wananoa visu. Kibudu bei poa bana! Mimi mwenyewe nimeshakula, sikatai.

Ila mzoga ukivimba haraka na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani au nyuma, yawezekana ni kimeta. Mwaka 2016 kule Selela, Monduli, kiliua nyumbu na mifugo, watu nao wakaugua. Ukichuna ndo umeharibu kabisa: vijidudu vikipata hewa vinajivika gamba gumu, vinakaa ardhini makumi ya miaka. Mchunaji anaota kidonda cheusi kisichouma. Akiwahi hospitali anapona, akizembea anaweza kufa.

Kwa hiyo usiguse. Zuia watoto na mbwa, mpigie afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji. Mwambie wamekufa wangapi, wapi, na nani kashashika nyama (hapa wengi wanadanganya). Mzoga unachomwa au unafukiwa shimo refu, wataalamu wakisimamia. Kama kuna mtu kashaanza vidonda, apelekwe zahanati leo leo, na aseme wazi alichuna nini.